Uliza Fundi: Kadi ya kumbukumbu inapogoma kujibu

Barua nyingi za safari hii zinalalamikia jambo moja. Memori kadi inafanya kazi vizuri kwenye kompyuta, lakini ikiunganishwa na mikrokontrola (chipu inayoendesha kifaa) inagoma, au inakubali leo na kukataa kesho. Wengi wenu mmeshaihukumu kadi kuwa mbovu. Nimezisoma barua zote, na kwa maelezo mliyotoa, sioni hata moja ambayo kadi yenyewe ndiyo ya kwanza kushukiwa. Ndani ya kale kaplastiki mna kompyuta ndogo inayosimamia kumbukumbu, na ina mahitaji yake: umeme usioyumba, na mtu anayejua kusubiri. Nitajibu barua tano.

Shikamoo fundi. Nina Arduino Uno (bodi ya mikrokontrola) na moduli ya microSD. Rafiki aliniambia kadi hizi hazitaki zaidi ya volti 3.3, kwa hiyo nikahamisha waya wa umeme wa moduli kutoka pini ya 5V kwenda pini ya 3.3V ili niwe salama. Sasa kadi mara inaanza, mara haianzi, na hata ikianza, kusoma kunakubali lakini kuandika kunakwama. Je, nimeiunguza? — Mwanafunzi wa mwaka wa pili

Marahaba, mwanangu. Hujaiunguza. Unainyima chakula.

Rafiki yako amesema kweli kuhusu kadi: inataka volti 2.7 hadi 3.6, basi. Lakini moduli si kadi. Itazame vizuri. Ukiona juu yake kidude cheusi chenye miguu mitatu kilichoandikwa AMS1117, hicho ni regulata kinachopunguza volti 5 ziwe 3.3. Regulata za aina hiyo hula takriban volti moja njiani. Ukiilisha 3.3, upande wa pili inatoka kama 2.3, nayo iko chini ya kiwango ambacho kadi imeahidi kufanya kazi. Kadi nyingine huvumilia hali hiyo wakati wa kusoma kwa sababu kusoma hakuhitaji nguvu nyingi. Ikifika zamu ya kuandika inavuta miliampea 100 na wakati mwingine zaidi, volti inaporomoka, na kadi inajizima katikati ya kazi. Ndiyo maana dalili zako zinakuja na kuondoka.

Rudisha waya kwenye 5V. Hata kama moduli yako isingekuwa na regulata, pini ya 3.3V ya Uno ingekuwa chanzo kibaya, maana imekadiriwa kutoa miliampea 50 tu. Anayetumia soketi tupu ya kadi, bila moduli, aweke regulata yake mwenyewe ya 3.3 yenye uwezo wa miliampea 200 au zaidi. Kisha aweke kapasita mbili kando kabisa ya soketi, moja ya nanofaradi 100 na nyingine ya mikrofaradi 10. Nikisema kando kabisa ninamaanisha hivyo. Kapasita iliyo mwisho wa waya wa sentimita 20 haisaidii kitu kadi inapovuta umeme kwa ghafla.

Ukitaka kuona kwa macho, weka ncha ya osiloskopu (kifaa kinachochora jinsi volti inavyobadilika) kwenye pini ya umeme ya kadi, si ya moduli, halafu iamuru programu yako iandike mfululizo. Multimita ya kawaida itakuonyesha 3.3 tulivu na kukudanganya, kwa kuwa inatoa wastani. Osiloskopu itakuonyesha mashimo madogo kila kadi inapoandika, na kina cha mashimo hayo ndicho kinachokwambia kama umeme unatosha.

Umesahau kuuliza kuhusu nyaya za mawimbi, nami sitaki uziache. Uno inazungumza kwa volti 5, na kadi haipaswi kupewa kwenye pini zake zaidi ya 0.3 juu ya umeme wake. Moduli yenye kidude cha miguu 14 kilichoandikwa 74LVC125 inakushushia yenyewe. Ile isiyo nacho inahitaji rezista: kilo-ohmu 1 na kilo-ohmu 2 kwa kila waya wa CS (wa kuichagua kadi), CLK (wa saa) na DI (wa kuingiza data kwenye kadi), zikupe volti 3.33. Waya wa DO, ule unaotoka kwenye kadi, unganisha moja kwa moja. ATmega328P, mikrokontrola iliyo kwenye Uno, inayolishwa volti 5 huhesabu volti 3.0 kwenda juu kuwa ni 1, na DO kwa kawaida inapita hapo.

Ndugu fundi, sitaki maktaba za watu (programu zilizoandikwa tayari). Ninaandika programu yangu mwenyewe kwa C. Nimetuma CMD0, amri ya kwanza, kama kitabu kinavyosema lakini ninachosoma ni baiti 0xFF tu (biti zote 1), milele. Siku moja moja inajibu 0x01 halafu inabaki na 0x01 hiyo hiyo. Nifuate hatua zipi hasa? — Mpenda saketi

Nimeifurahia barua yako. Ninaamini kila anayejenga vifaa hivi azungumze na kadi kwa mkono, amri moja baada ya nyingine, walau mara moja maishani. Baada ya hapo maktaba itamtumikia vizuri, kwa sababu ataelewa inaposhindwa imeshindwa wapi.

Tuanze na 0xFF ya milele. Maana yake ni kwamba waya wa DO uko juu muda wote, na hakuna anayeushusha. Ama kadi haina umeme, ama DI na DO zimebadilishana mahali, ama kadi haijakusikia. Hilo la mwisho ndilo linalowapata wengi. Kadi ikiwashwa haiko katika hali ya SPI, yaani mazungumzo kwa nyaya hizo za CS, CLK, DI na DO. Inaingia humo ikipokea CMD0 wakati CS iko chini. Kabla ya hapo inataka kuamshwa. Subiri milisekunde moja baada ya umeme kutulia, weka CS na DI juu, kisha piga saa mapigo 74 au zaidi. Baiti kumi za 0xFF zinakupa mapigo 80, zinatosha. Wengi hupiga mapigo hayo CS ikiwa chini, kisha wanashangaa.

Kasi nayo ina sheria. Wakati wa kuamsha, saa iwe kati ya kilohezi 100 na 400. Kama mikrokontrola yako inakimbia megahezi 16, gawa kwa 64 upate 250, au kwa 128 upate 125. Kasi kubwa ije baadaye.

Sasa shusha CS utume baiti sita hizi: 0x40, 0x00, 0x00, 0x00, 0x00, 0x95. Hiyo 0x95 ni baiti ya ukaguzi. Katika SPI kadi haijali ukaguzi, lakini CMD0 inapokelewa kabla kadi haijaingia SPI, kwa hiyo lazima iwe sahihi. Baada ya baiti ya sita usitegemee jibu papo hapo. Endelea kutuma 0xFF huku ukisoma, hadi mara nane, mpaka upate baiti ambayo biti yake ya juu kabisa ni sifuri. Angalia usitume 0x00 wakati wa kusoma. Amri huanza na biti ya sifuri, na kadi itadhani umeanza amri mpya.

Ukipata 0x01, kadi imekusikia na inasema bado haijawa tayari. Tuma CMD8: 0x48, 0x00, 0x00, 0x01, 0xAA, 0x87. Hapa pia ukaguzi unahesabiwa. Kadi ya kizazi cha pili itajibu 0x01 na baiti nne, na mbili za mwisho zitakuwa 0x01 na 0xAA, yaani inakurudishia ulichompa. Ikikurudishia kingine, simama hapo hapo utengeneze nyaya. Hakuna faida ya kuendelea. Ikijibu 0x05, haijui amri hiyo, basi ni kadi ya zamani.

Tunafika kwenye tatizo lako la pili, 0x01 isiyoisha. Kadi inatoka kwenye hali hiyo kwa CMD55 ikifuatiwa mara moja na CMD41, jozi ambayo vitabu huiita ACMD41, na jozi hiyo unairudia mpaka jibu liwe 0x00. Mpe kadi hadi sekunde moja. Lakini angalia baiti nne za hoja ndani ya CMD41. Ukiziacha zote sifuri, unaiambia kadi kwamba huwezi kushughulikia kadi kubwa, na kadi ya SDHC itakujibu 0x01 hadi betri iishe. Baiti ya kwanza ya hoja iwe 0x40. Kwa barua yako ilivyo, nadhani ni hapa.

Ikishajibu 0x00, uliza CMD58. Utapata baiti nne, nawe unaitaka biti ya 30. Ikiwa 1, anwani unazotuma ni namba za bloku, na kila bloku ni baiti 512. Ikiwa 0, anwani ni za baiti, na hapo tuma pia CMD16 yenye 512. Usiruke hatua hii hata kidogo. Anayetuma anwani za baiti kwa kadi ya bloku anaandika mahali ambapo ni mbali mara 512 kuliko alivyokusudia, na kadi haitalalamika maadamu pana nafasi huko.

Jambo moja zaidi ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Ukibonyeza kitufe cha kuanza upya, mikrokontrola inaanza upya ila kadi haina habari. Huenda ilikuwa katikati ya kukutumia bloku, na sasa unaimwagia CMD0 haielewi. Njia ya uhakika ni kuikata umeme kwa transista ya MOSFET hadi volti yake ishuke chini ya 0.5 kwa walau milisekunde moja. Unapoikata, shusha pia CS, CLK na DI. Ukiziacha juu, kadi itajilisha kupitia pini hizo na haitazimika.

Fundi, kifaa changu kinatoa data kwa UART (biti moja baada ya nyingine kwenye waya), kasi ya biti 115200 kwa sekunde, bila kupumzika. Uno inapokea na kuandika kwenye kadi. Nikifungua faili, mistari mingi ni kamili, halafu ghafla mstari mmoja umekatika katikati na kuunganishwa na kipande cha mwingine. Nimebadilisha kadi lakini hali ni ile ile. — Msomaji wa siku nyingi

Hebu tupige hesabu, nayo itatuonyesha tatizo lilipo bila kushika hata waya mmoja.

Kasi ya 115200, ikiwa na biti ya mwanzo na ya mwisho, inabeba baiti 11,520 kwa sekunde. Bafa ya kupokea ya Uno, yaani mahali data inaposubiri, ni baiti 64. Inajaa chini ya milisekunde 6. Kadi nayo, kwa mujibu wa viwango, inaruhusiwa kukaa hadi milisekunde 250 ikishughulika na bloku moja kabla ya kukubali nyingine. Katika muda huo zinaingia baiti 2,880, wakati RAM yote ya ATmega328P ni 2,048, na maktaba ya kadi imeshachukua 512 kati ya hizo. Hata ungeipa bafa kila baiti iliyobaki, isingetosha.

Kwa kawaida kadi haichukui muda huo wote, na ndiyo sababu mistari mingi iko kamili. Lakini kumbukumbu ya flashi haiandikwi juu ya iliyopo. Inafutwa kwanza, na inafutwa kwa vipande vikubwa kuliko bloku moja kwa mbali sana. Mara kwa mara kompyuta ya ndani inalazimika kuhamisha data, kufuta kipande, na kupanga upya. Ukichungulia DO kwa osiloskopu utaona jambo zuri: umetuma bloku, kadi imejibu kuwa imepokea, kisha DO inashuka na kubaki chini. Bloku baada ya bloku ni kijikato kifupi tu. Halafu, bila onyo, inakuja moja ambayo DO inalala chini muda mrefu kabisa. Mstari wako uliokatika umepotea hapo. Kadi ni kama mwenye ghala anayepokea magunia yaliyojaa tu, na ambaye mara moja moja hufunga mlango ili apange ndani. Mzigo unaofika wakati huo lazima uwe na mahali pa kusubiri.

Kwa hiyo tafuta mahali pa kusubiria. Kama kifaa kinachotuma kinakubali, ishushe kasi iwe 9600, na milisekunde 250 zitaleta baiti 240 tu, ambazo bafa iliyopanuliwa inazibeba bila shida. Kama kasi haiwezi kushuka, tumia nyaya za RTS na CTS kukiambia kifaa kisubiri, ikiwa kinazo. Kama hazipo, badilisha mikrokontrola. RP2040 ina kilobaiti 264 za RAM, na tatizo lako linakwisha kwa mistari michache ya programu. Anayeng'ang'ania Uno anaweza kuongeza chipu ya RAM ya nje kama 23LC1024, yenye kilobaiti 128, kwenye nyaya zile zile za SPI, ingawa itabidi akumbuke kuwa kadi ikiwa na shughuli unaweza kuinua CS yake na kutumia nyaya kwa mwingine. Inaendelea na kazi yake yenyewe. Hilo linaruhusiwa, na ni msaada mkubwa.

Usiandike mstari mmoja mmoja. Kusanya hadi 512, ndipo uandike. Na kama unajua faili itakuwa kubwa kiasi gani, itengee nafasi yote mapema ikiwa imeungana. Maktaba ya SdFat inaweza kufanya hivyo, na inaiondolea programu kazi ya kutafuta nafasi kila wakati.

Habari fundi. Kifaa changu cha kurekodi joto kilifanya kazi usiku kucha, asubuhi nikachomoa umeme, nikakuta faili ipo lakini ina ukubwa sifuri. Data ilikwenda wapi? — Mwenye bustani

Pole. Sehemu kubwa ya data huenda bado imo ndani ya kadi, ila hakuna aliyeandika kwamba imo.

Katika FAT, mpangilio wa faili unaotumika kwenye kadi, kila faili ina kumbukumbu ya baiti 32 kwenye orodha, na nne za mwisho ndizo zinazobeba ukubwa. Maktaba huandika data kadiri bloku zinavyojaa, lakini ukubwa huo inausasisha pale tu unapoita flush (andika sasa) au close (funga faili). Ukikata umeme kabla ya hapo, orodha inabaki inasema sifuri. Wengine hukimbilia kuita flush kila mstari. Kwa kipimo kimoja kila dakika, kama chako, fanya hivyo bila wasiwasi. Kwa data ya haraka si busara, maana kila flush inaandika upya bloku ya data na bloku ya orodha, hivyo kadi inachoka mapema na kasi inashuka. Kila sekunde kadhaa inatosha.

Usitegemee kapasita kukuokoa umeme ukikatika. Mikrofaradi 1,000, ikiruhusiwa kushuka nusu volti huku kadi ikivuta miliampea 100, inakupa milisekunde 5. Weka kitufe cha kusimamisha na taa ndogo inayozimika faili ikishafungwa, umeme uchomolewe baada ya hapo.

Umeuliza pia pembeni kama kadi ya gigabaiti 64 itafaa. Kadi za zaidi ya 32 ni SDXC na hutoka kiwandani zikiwa na exFAT, ambayo maktaba ya kawaida ya Arduino haiisomi. Ziumbize upya kuwa FAT32 au nunua ndogo. Kwa vipimo vya joto, gigabaiti 4 hutaimaliza.

Fundi mwenzangu, nina redio ya SPI na kadi kwenye nyaya zile zile. Kila moja ikiwa peke yake inafanya kazi. Zikiwa pamoja, redio inasoma takataka. CS zao ni tofauti, nimehakikisha. — Fundi wa mitambo

Mwenzangu, chomoa kadi kwenye moduli, uache moduli imeunganishwa, kisha jaribu redio.

Redio ikiendelea kusoma takataka, mkosaji ni moduli. Ile 74LVC125 ina milango minne, na kila mlango una pini ya ruhusa inayofanya kazi ikiwa chini. Moduli nyingi zimeunganisha pini hizo zote kwenye ardhi (GND), pamoja na ya mlango unaobeba DO. Mlango huo unausukuma waya muda wote, CS iwe juu au chini, na redio inapigana nao. Fuatilia kwa multimita pini ya ruhusa ya mlango huo, ikate kutoka kwenye ardhi, na uilehemu kwenye CS ya kadi. Zote mbili zinafanya kazi zikiwa chini, kwa hiyo huhitaji kigeuzi chochote.

Redio ikipona baada ya kuchomoa kadi, basi ni kadi iliyoshikilia waya. Ukiinua CS, kadi haiachii DO papo hapo. Inasubiri mapigo ya saa. Tuma baiti moja ya 0xFF kila unapomaliza na kadi, baada ya CS kupanda, ndipo ushushe CS ya redio. Weka pia rezista ya kilo-ohmu 10 kutoka kila CS kwenda 3.3, kwa sababu programu inapoanza pini za mikrokontrola zinaelea kwa muda, na katika muda huo kadi inaweza kudhani imeitwa. Kadi na iamshwe kwanza kabla ya redio kuguswa, maana kabla ya CMD0 haijui kama iko kwenye SPI, na mazungumzo ya redio yanayopita kwenye nyaya hizo inaweza kuyachukulia kuwa ni yake.